Dole Gumba Ukutani

Bibi Merle alipachika dole gumba lake kwenye alama ya kidole iliyokuwa kwenye tofali la gereza la kale, ambalo sasa ni makumbusho. Likaenea barabara.

Mjomba na sisi wajukuu tukasogea kutazama. Dole lile fupi, pana kama kijiko, ni la ukoo wetu. Hata mimi ninalo. Na maisha yake yote Bibi ametuambia, bila kuulizwa, kwamba babu wa ukoo wetu alikuja hapa Tasmania, kisiwa cha Australia, kuwa askari wa gereza hilihili, si mmoja wa wale wezi walioletwa na Waingereza kwa meli.

"Matofali haya waliyafyatua akina nani, mwanangu?" Bibi akamwuliza mwanamke mwongozaji aliyekuwa akitutembeza.

"Wafungwa tu, bibi. Askari hawakugusa udongo. Mfungwa akilishika tofali bichi, alama ya dole inabaki."

Mjomba akakohoa ili asicheke. "Mama, kumbe afande wetu naye alifungwa!"

Nilidhani Bibi atalia. Badala yake akalibusu tofali, akajipangusa vumbi mdomoni, kisha akamshika yule mwongozaji mkono, macho yakimng'aa.

"Haya, niambie basi," akasema. "Tuliiba nini?"