Swali la Tisa

Karatasi ilikuwa na maswali ishirini kuhusu huzuni na wasiwasi, lakini Mwalimu Kizito aliigawa kwa onyo lile lile la siku ya mtihani: "Jibuni vizuri, msiniaibishe mbele ya mgeni." Mgeni mwenyewe, nesi wa hospitali, alikuwa ameketi kando ya dirisha.

Swali la tisa liliuliza: Huwa unalia peke yako? Mwanakombo, binti wa miaka kumi na miwili, akatia tiki kwenye "Kila siku." Kisha akalikumbuka onyo. Akafuta kwa raba, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka, ndipo akahamia kwenye "Hapana kabisa."

Mwalimu alisahihisha pale pale. "Mwanakombo hana huzuni hata chembe! Mpigieni makofi!"

Mwanakombo akasimama, akatoa tabasamu lile lile analowapa majirani tangu mama yake azikwe, nao humsifu kwamba mtoto huyu ana moyo.

Nesi akaipokea karatasi, akaiinua dirishani aisome. Jua likapenya kitunduni, likampiga jichoni, na watoto bado wanapiga makofi.