Mkaguzi wa Isevya

"Usimpigie magoti!" Paskazia alifoka kwa sauti ya chini, akimvuta binti yake upande wa kanga. "Unachelewesha chakula. Kuna alama za kuhudumia haraka!"

Julieth alikuwa ameshainama nusu mbele ya mgeni, sinia mkononi. Aliinuka, uso umemwiva kwa aibu, akatenga wali na kuku mezani.

Habari za alama alizileta Silasi, mlinzi wa geti la chuo, mtu anayejua kila kitu isipokuwa nani kaingia getini. Chuo, alisema, kinaandika kijitabu cha wageni wa mahafali: wale wapi, watazame nini hapa Tabora. Mkaguzi angepita kimyakimya, bila kujitambulisha. Angepima haraka, uchangamfu na uzoefu wa wahudumu, na kama nyumba ina historia yoyote ya kusimulia. Na Zabibu, mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshaandikwa.

Zabibu! Mwanamke ambaye maharage yake huyatafuni mpaka uwe umeamua. Tangu siku hiyo Paskazia hakupata usingizi wa maana. Alikuwa amechoka, katika mgahawa wake wa hapa Isevya, kupikia wanafunzi wanaodai mchuzi wa nyongeza kana kwamba umeandikwa kwenye katiba. Alitaka wageni wa mahafali, watu wanaoagiza kuku bila kuuliza bei, na mlango wa kuwapata ulikuwa kijitabu hicho tu. Hata Julieth, ambaye tangu juzi alikuwa akisema ana jambo la kumweleza mama yake, aliambiwa asubiri mkaguzi apite kwanza.

Basi Alhamisi, saa saba mchana, aliingia mtu mzima mwenye koti la suti lililoshika vumbi la njia, kalamu mfukoni. Hakutazama bei ubaoni. Alitazama dari, akatazama sakafu, akachungulia uani. Paskazia alijua papo hapo.

"Shikamoo, mzee. Karibu sana."

"Marahaba, mama. Naitwa Reveriani. Nimeona nije nijionee mwenyewe, kabla wenzangu hawajaamua."

"Tumeshaambiwa, mzee!" alisema Paskazia.

"Mmeambiwa?" Mzee alitabasamu. "Basi vizuri. Sina haja ya maneno mengi."

Ndipo Julieth akamletea lile sinia la wali, na kuku wa kienyeji aliyechinjwa kwa heshima yake. Alikula polepole. Hakusifu wala hakuponda. Aliuliza maswali tu, na kila swali Paskazia aliliona limetoka moja kwa moja kwenye karatasi ya alama.

"Yule binti ni wako?"

"Wa kumzaa, mzee. Ndiye nguzo ya hapa."

"Naona ni mpole."

Neno hilo lilimchoma Paskazia. Zabibu alikuwa na wahudumu wawili wanaocheka na wateja mpaka jino la mwisho linaonekana. "Mpole? Leo tu, anakuonea haya wewe. Akichangamka huyu, hapa hapatoshi! Madereva wa malori wote wanamwita kwa jina. Kuna fundi mmoja wa reli anapanda treni kutoka Tura kila wiki, anakula, anarudi. Anamfuata yeye tu."

Fundi huyo hakuwapo duniani, lakini Paskazia alimpenda mara tu alipomtaja.

Mzee aliweka kijiko chini. "Kila wiki?"

"Asipomkuta, hali."

"Na kazi za nyumbani anaziweza?"

"Za nyumbani ni kitu gani, mzee? Amefanya kazi gesti, karibu na stesheni, miaka miwili. Zamu ya usiku. Siku anaondoka, wageni walitaka kulia."

Ukweli ni kwamba miaka hiyo miwili Julieth, mwanafunzi wa chuo, aliimaliza maktabani na kwenye kwaya ya parokia. Aliposikia habari ya gesti alisimama mlangoni mwa jiko, jagi la maji mkononi, mdomo wazi.

"Cheka, mwanangu," mama yake alimnong'oneza. "Mtazame mgeni machoni."

Julieth alimtazama mgeni machoni, akacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mzee akainamisha macho kwenye sahani.

"Na ukoo wenu, mama?" aliuliza, sauti imepungua. "Ni wenyeji wa hapa?"

Historia! Paskazia alikuwa ameingoja hii tangu asubuhi. Alivuta kiti akaketi. "Bibi yake bibi yangu ndiye aliyepokea misafara, mzee. Wapagazi wanatoka pwani, miezi mitatu njiani, wakifika Tabora wanamuulizia yeye. Wanaume mia tatu, na yeye peke yake! Hakuna aliyeondoka akilalamika. Na damu hiyo hatujaipoteza, sisi ndio hao hao."

Mzee alinawa mikono, akanawa tena. Nusu ya kuku ilibaki, na Paskazia akafurahi, maana alisikia kwamba wakaguzi huonja tu.

"Nashukuru, mama. Nimeona ya kutosha."

Paskazia alimsindikiza mpaka barabarani, pale ambapo Zabibu angewaona vizuri. Uvumilivu ukamwishia. "Mzee wangu, niambie leo nilale. Tumo kwenye kijitabu, au hatumo?"

"Kijitabu gani?" Reveriani alivaa kofia yake taratibu. "Mwanangu Habimana anasoma na binti yako, na wamekubaliana. Washenga wetu walikuwa watoke kwetu Ulyankulu Jumapili, nikasema kwanza nije niione nyumba. Jumapili msihangaike kupika, mama."