Gego la Mama Mkwe

Siku hizo maiti haendi kaburini na meno yake yote. Gego moja hubakizwa, likapandwa kinywani mwa aliyemuuguza, na shukrani hiyo haikataliwi. Somoe alimuuguza mama mkwe wake miaka mitatu, usiku na mchana, na mkwe alipofariki akapewa gego lake la chini kushoto.

Shavu lilipovimba, alikwenda kwa Daktari Mshamu. Picha ilionyesha kivuli cheusi mizizini, cha mviringo kama punje ya choroko.

"Limekufa hilo. Ling'oe tu," Somoe alisema, na moyoni akafurahi.

"Subiri, dada. Jino lililokufa halisikii baridi."

Daktari akaligusa gego la mkwe kwa pamba yenye barafu. Somoe aliruka kitini. Akagusa jino la pembeni yake, la Somoe mwenyewe. Kimya. Akagusa linalofuata, na linalofuata, hadi meno ya mbele. Somoe hakusikia kitu.

"La mkwe wako ni zima," daktari alisema polepole. "Kivuli kiko kwenye mizizi ya meno yako. Na sheria inaniruhusu kung'oa yaliyokufa tu."

Somoe alirudi nyumbani na pamba mdomoni, pale yalipong'olewa meno yake; gego la mkwe lilibaki. Mumewe, Chande, alikuwa ameketi mezani peke yake. Somoe aliitoa pamba ili amsimulie yaliyompata, lakini ulimi ulipogusa lile gego, yakatoka maneno mengine.

"Chande mwanangu, umekula?"

Chande hakushtuka. Aliinua uso, machozi yakimlengalenga, akamvutia kiti.

"Bado, mama."