Pipa Ndani ya Friji

Kitu fulani ndani ya friji kilipiga mbweu. Selpha, aliyekuwa ameingia jikoni kutafuta maziwa ya chai, alisimama huku ameshika mlango, akasikiliza. Kikapiga tena.

Alifungua. Maziwa hayakuwepo. Palikuwa na pipa la plastiki lililofunikwa likabana, mpira mwembamba ukitoka juu yake na kuzama kwenye chupa ya maji, na kando yake balbu iliyofungwa kwa waya. Harufu ya chachu ikampiga usoni.

"Ni bia," alisema Wechuli nyuma yake. Alikuwa na bisibisi mkononi. "Funga tafadhali, shemeji. Joto linaingia."

Selpha hakufunga. "Kumbe ni kweli."

Majirani wa mtaa huu wa Migosi walikuwa wamemwambia mengi. Kwamba mume wa mdogo wake analeta kimea nyumbani kwa gunia. Kwamba ameonekana akizika vichupa vya pombe kali nyuma ya tangi la maji, kama paka. Selpha hakushangaa sana. Tangu mwanzo hakuona kitu kwa Wechuli. Nabwire, mwalimu, sauti ya kwanza kwenye kwaya, angeweza kuolewa na mtu yeyote Kisumu hii. Akachagua fundi wa friji.

"Hii niliipata soko la Kibuye, ilikuwa mbovu," Wechuli alieleza, kana kwamba ameulizwa. Alionyesha kidude kidogo chenye namba nyekundu kilichopachikwa ubavuni. "Hiki ndicho kinapima joto. Mchana mji ukichemka, friji inajiwasha yenyewe. Alfajiri baridi ya ziwa ikiingia, inazima, na balbu inawaka. Mimi siigusi."

"Akili yote hiyo kwa sababu ya ulevi."

"Nataka kila pipa litoke na nguvu ile ile. Joto likiyumba, huwezi kujua umetengeneza nini. Nikijua nguvu yake, nitakuwa napunguza. Kidogo kidogo."

"Kila mlevi hupunguza kesho, Bwana Wechuli."

Wechuli aligeuza bisibisi mkononi. "Ile ya vichochoroni imepofusha watu, shemeji. Imeua. Na kuacha ghafla pia kunaua, daktari alisema."

"Daktari akakuandikia bia."

Wechuli alinyoosha mkono akafunga mlango wa friji mwenyewe. Selpha alipenda kumwona hivyo, mwanamume mzima akikimbilia mlango wa friji.

Nabwire aliingia na chai ya rangi. Vikombe viligongana juu ya sinia mpaka Selpha akampokea. Mdogo wake alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelia, na mikono ilimtetemeka hata baada ya kuweka mzigo chini. Hivi ndivyo mwanamke anavyokuwa akiishi kwa hofu, Selpha aliwaza.

"Sema mbele yake, Nabwire. Sema unachopitia kwa hii nyumba."

Nabwire aliangalia sakafu. "Nimechoka, dada. Hapa kila siku ni pombe tu."

"Na kanisani wanajua?"

"Wanajua." Akajifuta pua. "Wanamwombea."

Wechuli alimtazama mkewe. Selpha alingoja ajitetee, apandishe sauti, afanye chochote ambacho angeweza kumshika nacho. Badala yake aliinama akakaza skrubu ya kile kidude, ingawa ilikuwa imekazwa tayari.

Baadaye simu ililia. Mama mmoja wa samaki huko ufukweni, friza lake limekufa na mbuta wataoza. Wechuli alichukua mkoba wake. Mlangoni alirudi hatua moja.

"Shemeji, kama utashinda hapa leo, usiguse hiyo kitu. Nakuomba."

"Nenda ukaokoe samaki wa watu," Selpha alisema. "Hapa nitaokoa mtu."

Alingoja mpaka pikipiki ikaishia barabarani. Kisha akang'oa plagi. Alikata waya kwa kisu cha mboga, akabandua kile kidude na kukigonga kwa mwichi mpaka namba zikapotea. Ilimfurahisha jinsi kilivyopasuka kwa urahisi. Ufundi wa siku nyingi, na haukuhimili hata mwichi wa kupondea vitunguu saumu.

"Dada, ngoja arudi," Nabwire alisema kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Bado unamwogopa?"

"Ngoja tu arudi. Tafadhali."

"Wewe kaa huko huko. Hili ni langu."

Pipa lilikuwa zito. Alilikokota hadi uani, likikwaruza saruji, mpaka kwenye mtaro wa maji machafu uliopita kando ya ukuta. Majirani wawili waliokuwa wakifua waliacha nguo zao kwenye beseni, wakatazama. Vizuri. Waone. Wakaseme kanisani kwamba nyumba ya Nabwire imepata mtetezi.

Alibandua mfuniko na kulisukuma pipa kwa goti. Bia ilimwagika yote kwa mkupuo, povu jeupe likapanda juu ya taka za mtaroni na kuanza kuteremka.

"Njoo uone, Nabwire," aliita. "Imekwisha. Uko huru."

Nabwire alitoka mbio, miguu mitupu. Alimpita dada yake bila kumtazama, akapiga magoti kando ya mtaro, akaanza kuteka bia na matope kwa viganja vyake viwili na kunywa, haraka haraka, kabla haijapita yote chini ya ukuta.