Koja la Asumini

Jukwaani, kijana mmoja mwenye kompyuta alikuwa akiikatakata sauti ya Bi Mwanahija, aliyoichota bila hodi kwenye kanda yake ya taarabu ya ujanani. “Sitakiii, kii, kii,” ikalia, kama bawaba iliyonyimwa mafuta.

Mwenye sauti, aliyekaa mstari wa mbele, akasonya. “Muziki gani huu? Hata kuku hachinjwi hivi!”

Mara Bi Maunga akainuka na koja la asumini, akicheza mabega. Miaka thelathini mwimbaji huyo, hasimu wake, hakuwahi kumtunza hata ua moja. Bi Mwanahija akasahau kusonya, akainamisha shingo avishwe.

Bi Maunga akampita. “Kaa tu, shoga. Ndiyo kwanza leo umeimba!” Akaivisha kompyuta.

Asumini zikapukutikia vitufe, na sauti ikaganda kwenye “kii” moja ndefu, isiyovuta pumzi.