Glasi ya Baba Mkwe

"Onja kwanza," alisema mzee, mikono kaikunja kifuani.

Desderius alibaki na glasi mkononi, povu likimtiririka vidoleni. Ilikuwa bia mpya, iliyozinduliwa jioni ile kwenye tamasha la hoteli hapa Maskati, naye alikuwa mhudumu. Nyuma yake alisimama meneja, ambaye juzi tu alimfukuza mhudumu mwingine kwa kuonja kinywaji cha mgeni.

"Baba, hapa haturuhusiwi."

"Unamtaka binti yangu, au unaitaka hoteli?"

Kwao Bukoba, anayeleta pombe huinywa yeye kwanza, mgeni ajue haina sumu. Mchana mzee alikuwa ametembezwa baa mbili za jirani, na kote alikataa kunywa.

"Yule mhudumu wa baa ya kwanza kaniwekea mezani akaondoka, kama ananywesha kuku. Na wewe vilevile?"

Desderius alitamani kulia. Angemwelezaje kwamba kazi hii ndiyo ingemlisha huyo binti?

Mzee alisukuma kiti, akaanza kuinuka. "Nitamwambia binti yangu nilichokiona."

Desderius aligeuka, akamtazama meneja machoni, akapiga funda moja refu.