Kisu cha Fromaji

Katikati ya kukata fromaji, jibini ya Masisi, dada aliyekuja kutembea toka Kanada alisimamisha kisu akakigeuzia mwangani. Karibu na mpini kulikuwa na herufi mbili. Wenceslas, ndugu yake mwenye kisu, hakuwahi kuziona.

“Hii chuma ilitoka wapi?”

“Kwa ile patini, vile viatu vya kuteleza ulitutumia toka Kanada. Nilitoa vyuma, nikaweka magurudumu, mutoto achezee hoki mu lami ya hapa Himbi.” Alitabasamu. “Nilizania magurudumu yake ilipotea mu njia.”

Dada hakucheka. Kidole chake kilipita juu ya zile herufi polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

“Haikukuwa na magurudumu hata siku moja. Ni ya kuchezea mu barafu. Ilikuwa ya marehemu mutoto wangu. Nilishindwa kuibakisha mu nyumba, nikakuambia muiangalie vizuri.”

“Tuliiangalia, dada. Tukaona…”



Dada alifuta kisu kwa ncha ya kitenge chake, akakilaza mapajani.

“Na chuma ya pili?”

Ng’ambo ya ukuta, jirani mwenye bucha alikuwa akinoa kisu chake. Wenceslas alikohoa kwa nguvu, dada asisikie.